Kusoma Uso Uliofunikwa

Kabla ya kuuliza mchoro una maana gani, tuanze na jicho. Mwanga unaotoka kwenye sura ya mtu huingia jichoni, na habari zake hupelekwa kwenye ubongo. Upande wa chini wa ubongo kuna eneo linaloshughulika zaidi tunapotazama nyuso. Mtu aliyeumia hapo aweza kumwona mwenzi wake wa ndoa waziwazi, macho, pua na mdomo, asimtambue mpaka amsikie akizungumza. Basi kuona sura ni jambo moja, kumtambua mwenye sura ni jingine. Yale yote yanayomfanya mtu ajulikane kuwa ni yeye na si mwingine, hapa tutayaita utambulisho.

Sasa tuutazame mchoro wa Mbelgiji René Magritte uitwao Wapenzi, wa mwaka 1928. Umehifadhiwa New York, katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, na upana wake haufiki hata mita moja. Msomaji wa Kasulu au Kibondo atauona kwenye simu, nayo yatosha, mradi aukuze na asiwe na haraka. Magritte alikuwa msurealisti. Usurealisti ni mkondo wa sanaa ambao mshairi André Breton aliutangaza Paris mwaka 1924, akitaka wasanii wachote katika ndoto na katika fikra ambazo akili iliyo macho huzizuia.

Tutaje kwanza yanayoonekana tu. Mwanamume mwenye suti na tai, mwanamke mwenye vazi jekundu lisilo na mikono, wanabusiana. Vichwa vyote viwili vimefungwa kitambaa cheupe. Wazo la mapenzi tumelipata kwenye jina la mchoro na kwenye ukaribu wa miili. Nyuso hazijasema lolote.

Hapo ndipo tafsiri inapoanza, yaani kutoka kwenye kinachoonekana kwenda kwenye maana kwa kufuata ushahidi. Bibi arusi anayeingia kanisani Kasulu na shela usoni naye amefunikwa, lakini shela ni jepesi, sura yaonekana kwa mbali, na wote wanajua litafunuliwa. Mchezaji wa ngoma ya mapiko ya Wamakonde huvaa kinyago kichwani. Mtu anafichwa ili kiumbe mwingine atokee. Kitambaa cha Magritte hakifanyi kazi yoyote kati ya hizo. Ni kizito, kimezunguka mpaka kisogoni, hakuna mkono unaokiinua, wala hakuna kiumbe mpya anayetokea. Zaidi ya hayo, kinapita katikati ya midomo yenyewe.

Wengi hukimbilia maisha ya mchoraji. Mwaka 1912, Magritte akiwa bado kijana mdogo, mama yake alikufa maji katika mto Sambre, na husimuliwa kwamba alipopatikana gauni lilikuwa limemfunika uso. Magritte mwenyewe hakuikubali tafsiri inayounganisha kitambaa na kifo hicho. Nami naona ana haki: kisa hicho, hata kikiwa kweli, chaweza kueleza kitambaa kilitoka wapi, lakini hakielezi kinafanya nini kati ya watu wawili wanaobusiana.

Wapo wasemao kwamba wawili hawa wanaficha uhusiano wao. Dai hilo ni dhaifu, kwa kuwa anayejificha hujificha kwa watazamaji, na hapa kila mmoja amefichwa pia kwa mwenzake. Dai lenye nguvu zaidi ni kwamba mtu aweza kumkumbatia mwenzake kwa dhati na bado sehemu ya utambulisho wake isimfikie. Magritte alichora toleo jingine mwaka huohuo, ambalo sasa liko Canberra, Australia. Humo vichwa viwili vilivyofunikwa vimekaa bega kwa bega nje, vikituelekea sisi. Busu limeondolewa, kitambaa kimebaki.