Surua: Maswali ya Wazazi wa Leparua

Kwani surua haikuisha?

Ilipungua sana baada ya kampeni ya mwaka 2002, iliyochanja watoto zaidi ya milioni 13 nchini Kenya. Kuisha haikuisha. Ilirudi Nairobi mwaka 2005, na mwaka 2022 ikazuka tena katika kaunti kadhaa, zikiwemo Wajir na Garissa tunazopakana nazo sisi wa Isiolo.

Wataalamu wanajuaje imetoka wapi?

Mgonjwa hutolewa damu au kamasi ya kooni, na sampuli hupelekwa maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, Nairobi. Huko husomwa kipande kidogo cha vinasaba vya kirusi, herufi 450 tu. Kipande hicho ni kama chapa kwenye paja la ng'ombe: mfugaji akiiona anajua mnyama ni wa boma gani. Siku hizi duniani zimebaki hasa chapa mbili, B3 na D8. Iliyosambaa Kenya mwaka 2005 na 2006 ilikuwa B3, na ikaonekana hadi kwa wagonjwa nje ya bara letu.

Kwa hiyo wageni ndio wanaotuletea?

Kirusi husafiri na yeyote, awe mfanyabiashara wa mbuzi au mwanafunzi anayerudi likizo. Lakini hakisambai pasipo watoto wasiochanjwa. Kumlaumu mgeni hakumkingi mtoto hata mmoja. Hewa ya chumba alimokaa mgonjwa huweza kuambukiza kwa muda wa saa mbili baada yake kuondoka, na mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya upele kutokea. Ndiyo maana watoto 95 kati ya 100 wanahitaji kuchanjwa dozi mbili.

Chanjo inazuia chapa zote?

Ndiyo, zote.

Mbona basi tunaachwa nyuma?

Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, ya pili miezi 18. Kufikia hiyo ya pili, huenda familia imeshahama kufuata malisho. Halafu kuna suala la chupa. Chupa moja huwa na dozi 10, na ikishachanganywa lazima itumike ndani ya saa sita. Muuguzi akiona mtoto mmoja tu kwenye foleni, husita kuifungua, na mama aliyetembea kutwa hurudi mikono mitupu. Hilo si haki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kufungua chupa hata kwa mtoto mmoja. Mama, uliza, na usione haya.

Mtoto akichelewa je?

Mpeleke hata hivyo, pamoja na kijitabu chake cha kliniki. Kituo chochote kitamchanja, hata kama dozi ya kwanza alipewa kwingine.

Nikiona dalili?

Homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha upele unaoanzia usoni na nyuma ya masikio. Usingoje upele uishe wenyewe. Mjulishe mhudumu wa afya ya jamii, na mkifika zahanati semeni mapema ili mtoto atengwe na wengine. Atapewa vitamini A siku mbili mfululizo. Huokoa macho na maisha.