Mlango wa Fundi Majokofu: Kwa Nini Wadukuzi Hushambulia Makampuni, na Namna ya Kujikinga



Katika safu yetu ya mafunzo, toleo hili tunaangalia udukuzi, yaani wizi wa kuingia katika kompyuta na barua pepe za watu bila ruhusa. Mada hii ikitajwa katika semina, jibu huwa lile lile: "Sisi tuna nini cha kuibiwa? Hayo ni mambo ya mabenki." Tulichunguze jibu hilo, maana wadukuzi nao wanalitegemea.

Tuanze na kisa cha Marekani. Target ni kampuni kubwa ya maduka yenye makao makuu Minneapolis. Kati ya Novemba 27 na Desemba 15, 2013, wakati maduka yamefurika kwa manunuzi ya Krismasi, wezi walichukua taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 40 za wateja wake. Aidha, waliondoka na majina, anwani au namba za simu za watu hadi milioni 70.

Hawakupita mlango wa mbele. Walipitia Fazio Mechanical, kampuni ndogo ya mafundi wa majokofu huko Pennsylvania, ambayo ilipewa neno la siri la kuingia katika mfumo wa Target ili itume ankara na taarifa za kazi. Kampuni hiyo ilitumiwa barua pepe yenye programu ya wizi, na neno la siri likachukuliwa. Na kwa kuwa huko Target sehemu ya mafundi haikutenganishwa vya kutosha na sehemu nyingine, wezi walifika hadi kwenye mashine za kaunta ambako wateja hupitisha kadi.

Mdukuzi basi ni mfanyabiashara wa aina yake. Hana haja ya kukuchukia wala kukufahamu. Anatafuta kitu kinachouzika, kama namba za kadi, au anafunga mafaili yako ili umlipe ndipo ayafungue. Mdogo anamfaa kwa sababu ulinzi wake ni hafifu, na kwa sababu anafahamiana na wakubwa. Hata ofisi yenye kompyuta moja ina namba za simu za watu, akaunti ya benki, na barua pepe ambayo wafadhili wa mbali wanaiamini.

Kuna jambo jingine katika kisa hiki, nami naliona zito zaidi. Target ilikuwa imenunua programu ya gharama kubwa ya kutoa tahadhari, na mwishoni mwa Novemba ilitoa tahadhari hizo. Hakuna aliyechukua hatua kwa wakati. Mbwa alibweka, wenye nyumba wakageukia upande wa pili. Hatua zilichukuliwa baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kuijulisha kampuni mnamo Desemba 12. Mkurugenzi mkuu alijiuzulu Mei 2014, na mwaka 2017 kampuni ilikubali kuyalipa majimbo 47 na wilaya ya mji mkuu dola milioni 18.5. Fedha hununua kengele, lakini lazima awepo mtu mwenye jina na wajibu wa kuisikiliza.

Sasa kujikinga. Mengine ni ya kawaida na hayahitaji maneno mengi: kila mtu awe na neno lake la siri, barua pepe ifunguliwe kwa hatua mbili, programu zisasishwe, na nakala ya mahesabu ihifadhiwe kwenye kifaa kisichounganishwa na kompyuta. Mtumishi akiondoka, ruhusa zake zifungwe siku hiyo hiyo.

Lakini mlango unaohitaji kuangaliwa kuliko yote ni malipo. Raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano huko New York mwaka 2019. Kati ya 2013 na 2015 ankara za uongo zilitumwa kwa Google na Facebook kwa jina la kampuni iliyokuwa ikiwauzia vifaa, na zaidi ya dola milioni 100 zikalipwa kwenye akaunti zake. Ni ndugu wa ule ujumbe wa simu tunaoufahamu sana: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Kwa hiyo, barua ikisema akaunti imebadilika, mhasibu asilipe. Apige simu kwa namba iliyomo kwenye faili la zamani, asitumie iliyoandikwa kwenye barua hiyo, na mtu wa pili athibitishe kabla ya kutia saini. Wafadhili nao wafanye vivyo hivyo wakipokea barua ya namna hiyo kutoka kwetu. Hatutachukia kupigiwa simu.

Maswali ya kujadili katika kikao

Ni nani wote wanaojua neno la siri la barua pepe ya ofisi yetu, na je, wote bado wapo kazini?

Mhasibu akipokea barua ya haraka inayodai kutoka kwa mwenyekiti, ana ruhusa ya kuchelewesha malipo hadi ampigie simu?

Kompyuta ikionyesha onyo, ni nani anayeambiwa?