Samaki wanapokosa pumzi

Samaki wakifa kwa wingi katika bwawa, neno la kwanza tunalosikia katika vikao vyetu ni sumu. La pili ni uchawi. Na anayetajwa ni nani? Mara nyingi ni mgeni, yule aliyefika juzi na mkeka wake kichwani. Tangu mwaka 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola juu ya ardhi yameleta maelfu ya watu mjini Kisangani. Ninyi wenyewe mnajua neno kama hilo linaweza kufika wapi. Kwa hiyo leo tujifunze juu ya maji.

Samaki anavuta oksijeni, yaani ile hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji yakipata joto, yanashika oksijeni kidogo, na samaki naye anaihitaji zaidi. Tena maji ya moto ni mepesi: yanakaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, na hewa haishuki chini. Dunia inazidi kupata joto, na wataalamu wamepima kwamba bahari zilipoteza karibu asilimia 2 ya oksijeni yake kati ya 1960 na 2010. Karibu na pwani shida ni kubwa zaidi, kwa kuwa mito inaleta mbolea na uchafu, na vinapooza vinakula hewa iliyobaki.

Sisi tuko mbali na bahari, lakini ndakala wa Ziwa Tanganyika tunawajua. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni iko juu tu, katika mita 100 hadi 200 hivi. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sehemu ya sakafu ya ziwa yenye oksijeni imepungua kwa asilimia 38 tangu miaka ya 1940. Pepo za kiangazi ndizo zinazokoroga maji na kupandisha chakula cha samaki, na ziwa likipata joto, kukoroga kunakuwa kugumu. (Nyavu nyingi mno nazo zina sehemu yake, tusisingizie joto peke yake.)

Hapa kwetu, kwenye maporomoko ya Wagenya, maji yanapiga mawe na kuchukua hewa. Bwawa lisilo na mkondo halina bahati hiyo, hasa likitupiwa samadi nyingi.

Basi tutatambuaje? Samaki waliokosa hewa wanakufa alfajiri, kwa sababu usiku majani ya majini nayo yanavuta oksijeni bila kuitoa. Kabla ya kufa wanapanda juu, midomo wazi. Wakubwa wanatangulia, na kambale anabaki hai, kwani yeye anaweza kuvuta hewa ya juu. Sumu kwa kawaida haingoji alfajiri wala haichagui: inaua wakubwa na wadogo, mara nyingi na vyura na wadudu pamoja. Sumu ipo, hatuwezi kukana. Wengine wanavua nayo. Hata hivyo, samaki hao wasiliwe mpaka sababu ijulikane.

Ninyi viongozi, mkiitwa bwawani, fikeni pamoja: mmoja wa wenyeji, mmoja wa wakimbizi. Ulizeni kwanza samaki walionekana saa ngapi, na kama kambale wako hai. Simamisheni samadi na chakula, ingizeni maji mapya ya kijito. Jina la mtu lisitajwe kikaoni siku hiyo.