PTOLEMAIOS: JINA MOJA, WAFALME WENGI

Mwanafunzi asomaye habari za Misri ya kale hukutana na jambo la kumshangaza. Katika ukurasa mmoja huambiwa ya kuwa Ptolemaios alijitangaza mfalme wa Misri mwaka 305 kabla ya Kristo (K.K.). Katika ukurasa wa pili huambiwa ya kuwa Ptolemaios alishinda vita huko Raphia mwaka 217 K.K. Akiendelea mbele, husoma ya kuwa Ptolemaios alizama katika mto Nile mwaka 47 K.K. Je, mtu mmoja aliishi zaidi ya miaka 250? La, hasha. Hao ni watu mbalimbali wa ukoo mmoja, walioitwa kwa jina moja.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za jina hilo: lilikotoka, jinsi lilivyopata heshima, jinsi lilivyochakaa, na jinsi lilivyokuja kuwa ufunguo wa elimu kubwa baada ya wenyewe kwisha kufa.

Asili ya jina

Ptolemaios ni jina la Kiyunani. Limetokana na neno la kale lenye maana ya vita, basi twaweza kulifasiri kuwa ni "mtu wa vita." Waingereza huliandika Ptolemy, wala hawaitamki ile P ya kwanza, Waarabu husema Batlamyus. Jina hili lilikuwa la kawaida katika nchi ya Makedonia, kaskazini ya Uyunani. Hata kabla ya wafalme wa Misri alikuwako mtu wa jina hilo, Ptolemaios wa Aloros, aliyeushika utawala wa Makedonia tangu mwaka 368 hata mwaka 365 K.K.

Ptolemaios wa kwanza

Aliyelikuza jina hili ni Ptolemaios mwana wa Lagos. Huyu hakuzaliwa mwana wa mfalme. Alikuwa jemadari wa Alexander wa Makedonia, ambaye Waarabu humwita Iskandar. Alexander alifariki Babeli mwaka 323 K.K., naye hakuacha mrithi aliye tayari kutawala. Majemadari wake wakagawana nchi, kisha wakapigana wao kwa wao kwa muda wa miaka mingi.

Wengi kati yao walitamani kuirithi dunia nzima. Ptolemaios alichagua nchi moja tu, Misri, yenye rutuba tele, nayo imezungukwa na jangwa na bahari hata ni vigumu kuiingia. Aliutwaa mwili wa Alexander ulipokuwa ukisafirishwa, akauleta Misri, ili watu wote waone ya kuwa mrithi wa heshima ya marehemu ni yeye. Jemadari Perdikkas alipokuja kumpiga, jeshi lake lilishindwa kuuvuka mto Nile, na maofisa wake mwenyewe wakamwua. Mwaka 305 K.K. Ptolemaios alijitwalia jina la mfalme. Kisiwa cha Rhodes kilipozingirwa na adui, alikipelekea chakula na askari. Ndipo watu wa Rhodes wakamwita Soter, maana yake Mwokozi. Alifariki mwaka 282 K.K., naye ni mzee sana, katika wakati ambao wenziwe wengi walikuwa wamekwisha kuuawa.

Mwanawe, Ptolemaios wa pili, na mjukuu wake, Ptolemaios wa tatu, waliendeleza kazi njema. Mnara mkubwa wa taa wa Iskanderia ulikamilika katika siku za wa pili, ukawaongoza mabaharia usiku, na maktaba ya mji huo ikawa kubwa kupita zote za zamani zile. Wafalme hao wawili waliwatuma watu wao kusini katika pwani ya Bahari ya Sham, katika nchi ambazo leo ni Sudan na Eritrea, kuwakamata ndovu wa vita. Wakajenga huko mji ulioitwa Ptolemais ya Mawindo. Ndovu hao walipakiwa katika majahazi mazito, wakapelekwa Misri. Katika bandari ya Adulis palikuwa na jiwe lenye maandishi ya kumsifu Ptolemaios wa tatu na vita vyake, na msafiri mmoja aliyanakili maandishi hayo zaidi ya miaka 700 baadaye.

Majina ya sifa

Basi tangu hapo kila mfalme wa ukoo huo aliitwa Ptolemaios, kama vile binti zao walivyoitwa Arsinoe, Berenike na Kleopatra. Hata yule Kleopatra mashuhuri ni wa saba wa jina lake. Hesabu tuionayo katika vitabu, ya kwanza, ya pili hata ya kumi na tano, ni kazi ya wataalamu wa baadaye; wafalme wenyewe hawakujihesabu hivyo. Watu wa zamani zile waliwatofautisha kwa lakabu, nazo zilikuwa za namna mbili.

Namna ya kwanza ni lakabu za heshima, zilizoandikwa katika matangazo na katika sala za mahekalu. Wa tatu aliitwa Euergetes, yaani Mfadhili. Wa nne aliitwa Philopator, yaani Mpenda Baba. Wa tano aliitwa Epiphanes, yaani Aliyedhihirika, kama mungu adhihirikavyo. Wa sita aliitwa Philometor, yaani Mpenda Mama.

Namna ya pili ni lakabu ambazo watu wa Iskanderia waliwapa wafalme wao, nao walikuwa na ulimi mkali. Wa nane walimwita Physkon, maana yake Kitambi. Wa tisa walimwita Lathyros, yaani Dengu. Wa kumi na mbili walimwita Auletes, yaani Mpiga Zumari, kwa kuwa aliipenda ngoma hiyo kuliko kazi yake.

Msomaji akiziweka lakabu hizi pamoja na matendo ya wenyewe, atajifunza mengi. Yule Mpenda Baba, mara baada ya kukikalia kiti cha baba yake, mama yake na ndugu yake waliuawa katika jumba lake. Kitambi naye alijitwalia lakabu ya babu wa baba yake, akajiita Euergetes, Mfadhili. Lakini alipigana na ndugu yake, akapigana na mkewe, akamwua mwanawe mwenyewe. Na wanazuoni wa Iskanderia, waliokuwa fahari ya mji kwa muda wa vizazi vingi, aliwafukuza wakatawanyika katika nchi nyingine. Watu wakageuza herufi chache tu za lakabu yake, wakamwita Kakergetes, maana yake Mtenda Mabaya. Wahenga wetu walisema ya kuwa ada ya mja ni kunena, bali muungwana ni kitendo.

Jinsi ufalme ulivyopungua

Nguvu za ufalme hazikuondoka siku moja. Mwaka 217 K.K., huko Raphia, Ptolemaios wa nne alimshinda mfalme Antiochos wa Shamu. Ili kupata askari wa kutosha, alikuwa amewafundisha Wamisri wenyeji vita vya Kimakedonia na kuwapa silaha, jambo ambalo wafalme waliotangulia hawakulifanya kwa wingi hivyo. Wamisri wakaona ya kuwa ushindi ule ulikuwa wao pia, nao walikuwa wamechoka kwa kodi na kwa kutawaliwa na wageni. Wakaasi, na kwa muda wa miaka kama 20 nchi ya juu ya Misri ilikuwa na wafalme wake wa kienyeji.

Baadaye ndugu walianza kugombea kiti, na kila mmoja akawaomba Warumi msaada. Mwaka 168 K.K. mfalme mwingine wa Shamu, naye pia akiitwa Antiochos, alifika karibu na Iskanderia na jeshi lake. Mjumbe wa Rumi, jina lake Popillius, akamwamuru atoke Misri. Antiochos alipoomba nafasi ya kufikiri, mjumbe yule akachora duara mchangani kwa fimbo yake, akimzunguka mfalme, akamwambia atoe jibu kabla hajatoka katika mstari ule. Antiochos akarudi kwao. Misri ikaokoka, lakini watu wote waliona ya kuwa aliyeiokoa si Ptolemaios, bali ni fimbo ya Mrumi.

Tangu hapo mambo yalizidi kuharibika. Mpiga Zumari aliahidi kuwalipa wakuu wa Rumi talanta 6,000 za fedha ili wamkubali kuwa mfalme mwaka 59 K.K. Mwaka uliofuata raia zake wakamfukuza, na mwaka 55 K.K. akarudishwa na jeshi la Kirumi. Mwanawe, wa kumi na tatu, ndiye aliyezama katika mto Nile alipopigana na Julius Caesar. Wa mwisho, wa kumi na tano, mwana wa Kleopatra, aliuawa kwa amri ya Octavian mwaka 30 K.K., na Misri ikawa nchi ya Warumi. Mfalme mwingine wa damu hiyo, Ptolemaios wa Mauretania, mjukuu wa Kleopatra, alitawala katika Afrika ya kaskazini magharibi hata Kaisari Caligula alipoamuru auawe mwaka 40 baada ya Kristo. Hivyo jina lililoanza kwa jemadari mwenye busara likaishia kwa watu waliouawa kwa amri ya wageni.

Jina lililofungua mlango

Walakini habari ya jina hili haikuishia hapo. Mwaka 196 K.K. makuhani wa Misri walikutana Memphis, wakatoa tangazo la kumsifu Ptolemaios wa tano, aliyekuwa kijana wa miaka 13 hivi, kwa kuwa amesamehe kodi, amewafungua wafungwa, na kuyapa mahekalu mali. Ili watu wote wafahamu, waliagiza tangazo lichorwe katika mawe kwa maandishi ya namna tatu: maandishi matakatifu ya picha, maandishi ya kawaida ya Wamisri, na Kiyunani.

Miaka ikapita. Desturi za kale zikaachwa, na ilipotimia karne ya tano baada ya Kristo karibu hakuna tena aliyeweza kuyasoma maandishi ya picha. Kuta za mahekalu zilijaa maneno, na watu walipita mbele yake kama vipofu. Kisha mwaka 1799 askari wa Ufaransa waliokuwa wakijenga ngome karibu na mji wa Rashid, ambao Wazungu huuita Rosetta, wakaliona jiwe moja la tangazo lile. Tangu mwaka 1802 jiwe hilo limewekwa katika jumba la makumbusho la London.

Kiyunani kilijulikana, nacho kilimtaja Ptolemaios mara nyingi. Katika maandishi ya picha palikuwa na alama kadha zilizozungushiwa mstari kama kitanzi cha kamba. Thomas Young, Mwingereza, alifahamu ya kuwa ndani ya kitanzi kile mna jina la mfalme. Kisha Mfaransa Champollion akalilinganisha na jina la Kleopatra lililochorwa katika jiwe la kisiwa cha Philae. Simba aliyelala ni herufi ya nne katika jina la Ptolemaios, na katika Kleopatra ni ya pili: basi simba ni L. Alama za P na O nazo zilipatana vivyo hivyo. Mwaka 1822 Champollion aliutangazia ulimwengu kazi yake, na taratibu maneno ya Wamisri ya miaka 3,000 yakaanza kusomeka tena. Mfalme mwenyewe hakuwa mkuu. Lakini kwa kuwa makuhani wake waliandika kwa lugha za watu wote, jina lake likawa ufunguo.

Ptolemaios asiyekuwa mfalme

Yuko mtu mmoja zaidi ambaye wasomaji wasimchanganye na hao. Katika karne ya pili baada ya Kristo aliishi Iskanderia mwanachuoni Klaudios Ptolemaios, mjuzi wa nyota na wa ramani. Huyu hakuwa mfalme, wala hapana dalili ya kuwa alikuwa wa ukoo wao. Hata hivyo wachoraji wa Ulaya wa zamani walimchora mara nyingi amevaa taji, kwa kudanganywa na jina. Kitabu chake cha jiografia chataja mji wa Rhapta, ambao wataalamu wengi huuweka katika pwani ya Tanzania ya leo, na Milima ya Mwezi, ambayo alisema kuwa theluji yake huyalisha maziwa ya mto Nile. Hakutawala hata kijiji kimoja, lakini watu walimfuata katika elimu ya nyota kwa muda wa miaka 1,400.

Tuonavyo

Jina la baba ni urithi, lakini ni urithi mtupu asipokuwako wa kulitia kazi. Wa kwanza alilipa jina heshima. Wengi wa mwisho waliazima heshima kutoka kwa jina, hata ikaisha. Kwa hiyo, msomaji ukiona katika kitabu jina lenye kuitwa na wengi, usilisifu wala usililaumu upesi. Uliza kwanza: Ni yupi? Wa mwaka gani? Alifanya nini? Na lakabu hii alipewa na watu, au alijipa mwenyewe?

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa nini Ptolemaios wa kwanza alichagua Misri?
2. Eleza tofauti ya lakabu "Mfadhili" na "Kitambi." Ni ipi iliyotolewa na watu?
3. Jina la Ptolemaios liliwasaidiaje wataalamu kuyasoma maandishi ya Misri?
4. Kwa nini wachoraji walimvika taji mtu asiyekuwa mfalme?