Enzi Chui-milia Walipokuwa Wakivuta Kiko

Kijitabu cha wazazi, walezi na walimu wa chekechea wanaotaka kuwasimulia watoto ngano za Korea

Msimulizi wa Pwani huita "Paukwa!" na watoto wakajibu "Pakawa!" Korea nako hadithi ina mlango wake: mambo hutokea zamani sana, enzi chui-milia walipokuwa wakivuta kiko. Usimfafanulie mtoto. Mwache acheke, amwone mnyama mkali kakaa kitako, kiko mdomoni, moshi unapanda. Chui-milia atarudi tena na tena katika ngano hizi, kwa sababu milima ya Korea ilikuwa makazi yake kweli, na watu walimwogopa kweli.

Ukipata kitabu, kisome kwanza peke yako. Kisha kifunge, usimulie kwa Kiswahili cha nyumbani kwenu. Picha muonyeshe mwishoni.

Ini la sungura, moyo wa kima

Anzia hapa, hasa ikiwa mtoto ameshasikia kisa cha kima aliyepanda mgongoni mwa papa. Wakiwa katikati ya maji, papa anafichua kwamba sultani wao mgonjwa anatakiwa apewe moyo wa kima. Kima anasema moyo kauacha mtini, warudi wakauchukue. Edward Steere alikisikia kisa hicho Unguja na kukichapisha mwaka 1870.

Cha Korea ni hivi. Mfalme Joka wa chini ya bahari anaumwa, dawa yake ni ini la sungura. Kasa anapanda nchi kavu, anamlaghai sungura kwa raha za baharini, anambeba. Sungura akishajua alichoitiwa, anasema ini lake kaliacha nyumbani. Mtoto atakukatiza: "Hii naijua!" Mwache akukatize, tena mwambie akumalizie.

Visa hivi ni ndugu, na India kuna cha zamani zaidi, cha nyani na mamba. Kule Korea cha sungura kimo katika Samguk Sagi, kitabu cha historia kilichokamilika mwaka 1145. Humo tunasoma kwamba mwaka 642 Kim Chunchu, mjumbe wa ufalme wa Silla, alizuiliwa ugenini katika ufalme wa Goguryeo. Mtu wa huko akamsimulia habari za kasa na sungura. Kim akalifumbua fumbo, akaahidi kurudisha ardhi aliyodaiwa, akaachiwa aende zake. Hayo ya historia ni yako wewe. Mtoto anataka kujua sungura atatokaje.

Gotgam

Hiki ndicho kisa tunachokipenda kuliko vyote kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, kwa kuwa hakuna anayeliwa. Usiku, chui-milia mwenye njaa ananyemelea nyumba. Ndani mtoto mchanga analia. Mama anamwambia nyamaza, chui-milia huyo hapo nje! Mtoto analia vilevile. Chui-milia anashtuka: kajuaje kwamba nipo, na mbona haniogopi? Kisha mama anasema, basi, gotgam hii hapa. Kimya. Chui-milia anawaza: huyo Gotgam ni dubwana gani, hata mtoto asiyeniogopa mimi ananyamaza mbele yake? Anajificha zizini. Mwizi wa ng'ombe anaingia, anapapasa gizani, anamrukia mgongoni akidhani ni ndama mnene. Chui-milia anajua yamemkuta, Gotgam kampanda, na anatimua mbio mpaka alfajiri.

Gotgam ni tunda tu. Ni la rangi ya chungwa, humenywa, likatundikwa mpaka likakauka na kuwa tamu kama tende. Mwambie mtoto mapema, ili awe anajua asichokijua chui-milia. Kicheko chote kimo humo. Mpe kazi ya kulia, na umnong'oneze maneno ya mama. Usiligeuze tunda liwe embe wala chui-milia awe simba. Mtoto anayeweza kutamka "dinosaria" hashindwi na "gotgam".

Palipo na damu

Hadithi ya jua na mwezi ni nzuri na inatisha. Mama anarudi kutoka kazini na kapu la tteok, vitafunio vya mchele. Kila kilima chui-milia anadai kimoja, mpaka kapu linabaki tupu, na mama analiwa. Kisha chui-milia anavaa nguo zake, anagonga mlango wa watoto. Kwa walio chini ya miaka mitano, ishia kusema alizichukua nguo. Lakini usimwondoe chui-milia wala anguko lake. Watoto wanapanda mti. Kaka anamdanganya kwamba walijipaka mafuta ya ufuta, naye anateleza. Dada mdogo anacheka na kutoboa siri kwamba mti hupandwa kwa kuuchanja kwa shoka. Kamba inashuka kutoka mbinguni kwa watoto. Ya chui-milia imeoza. Anaangukia shamba la mtama, na tangu hapo mabua yana wekundu. Mtoto wa Dodoma atayajua mabua hayo bila picha. Katika masimulizi mengi dada anaogopa giza, ndiyo maana yeye akawa jua na kaka akawa mwezi.

Hadithi ya Kongjwi na dada yake wa kambo Patjwi isubirini. Katika baadhi ya masimulizi mwisho wake ni wa ukatili mno, na kama nyumbani kuna mama wa kambo, fikiri mara mbili.

Chura mkaidi

Vyura wa Korea hulia "gaegul, gaegul". Huyu, akiambiwa hivyo, alilia "gulgae, gulgae". Akitumwa mlimani alikwenda mtoni. Darasa zima litapenda mchezo huo, nawe usiukatize haraka. Mama yake alipokuwa anakufa aliomba azikwe kando ya mto, akijua mwana atafanya kinyume. Siku hiyo mwana akatii. Kwa mtoto aliyefiwa karibuni, iache hadithi hii. Kwa wengine ingojeni mvua ya jioni, vyura wakianza kulia, ndipo umuulize mtoto: yule chura mkaidi anahofia kaburi la nani lisichukuliwe na maji.