Sokwe wa Rubondo na mchimbaji wa Geita

SWALI: Mimi ni mchimbaji mdogo hapa Geita. Nasikia sokwe wa Rubondo wanatuzidi nguvu mara tano. Mbona binadamu tumekuwa dhaifu hivi?

JIBU: Wanatuzidi, ila mara tano ni chumvi. Kwa uzito uleule, msuli wa sokwe unauzidi wa mtu kwa kama theluthi moja tu. Nyuzi zake nyingi ni za kufyatuka haraka na kuchoka upesi. Zetu nyingi ni za kustahimili.

Wala si kwamba tulikuwa kama wao kisha tukadhoofika: hatukutokana na sokwe. Sisi na wao tuna mhenga mmoja wa zamani mno. Ukoo wetu ulishika njia ya miguu miwili: nyayo za ukoo huo zilizogunduliwa Laetoli, hapa Tanzania, 1978, zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi.

Katika kustahimili huko, silaha yetu kubwa ni jasho. Mwenye manyoya mazito hatoki jasho kama wewe unayepanda kutoka duarani, shimo la mgodi, na kiroba cha mawe mgongoni, shati limelowa chapa. Lakini jasho hupoza pale tu linapokauka. Chini kwenye duara lisilo na hewa linachuruzika bure, na mwili unazidi kuchemka. Kwa hiyo, ndugu yangu, panda juu upate upepo, unywe maji kabla kichwa hakijaanza kuuma.