Namna ya Kumchagua Daktari wa Kupandikiza Nywele na Kukadiria Mstari wa Mbele

Kupandikiza nywele ni upasuaji wa kuhamisha nywele za mtu kutoka sehemu moja ya kichwa chake kwenda sehemu nyingine, wala si njia ya kuongeza idadi ya nywele alizonazo. Jambo hilo linapaswa kutangulia kila swali kuhusu bei, nchi ya kwenda au sifa za kliniki, kwa sababu madhara mengi yanayowapata waliopandikizwa, kuanzia mstari wa mbele ulioshushwa mno hadi kisogo kilichobaki na mabaka, hutokana na kazi iliyopangwa kana kwamba nywele za kuhamishwa hazina mwisho. Anayelizingatia hupata pia kipimo cha kumpimia daktari, kwani daktari mzuri hutambulika kwa namna anavyoitunza akiba ya nywele za mgonjwa, na mara nyingi kwa yale anayokataa kuyafanya.

Msingi wa upasuaji

Upara wa kawaida wa wanaume husababishwa na urithi pamoja na homoni iitwayo dihaidrotestosteroni, ambayo kwa mwenye kurithi hali hiyo huifanya mizizi ya nywele za mbele na za utosini isinyae polepole, hadi itoe malaika tu, yaani vinywele laini visivyoweza kufunika ngozi. Nywele za kisogoni na za juu ya masikio kwa kawaida hustahimili homoni hiyo. Mwaka 1939 daktari Shoji Okuda wa Japani alieleza namna ya kuhamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele, na mwaka 1959 Norman Orentreich wa New York alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba unywele uliotolewa kisogoni huendelea kuwa na tabia ya mahali ulikotoka hata unapopandwa mbele, na kanuni hiyo ndiyo inayouwezesha upasuaji huu mpaka leo.

Kinachohamishwa huitwa kipandikizi, nacho ni kundi dogo la mizizi iliyoota pamoja, lenye unywele mmoja hadi nywele nne. Njia kuu za kuvipata ni mbili. Katika ya kwanza, daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi ya kisogoni, huushona mwanya uliobaki, kisha ukanda hutenganishwa kuwa vipandikizi kwa msaada wa hadubini, na mgonjwa hubaki na kovu moja la mstari. Katika ya pili, kila kipandikizi hung'olewa peke yake kwa kichoma duara chenye kipenyo cha takriban milimita moja au pungufu, na makovu yanayobaki ni nukta ndogo zilizotawanyika. Haifai kuiita njia hii ya pili kuwa isiyo na kovu, ijapokuwa matangazo mengi hufanya hivyo, kwa maana mtu anayenyoa kipara huweza kuziona nukta hizo, hasa pale ambapo nywele zimeng'olewa kwa wingi kupita kiasi.

Hesabu ya akiba

Kwa makadirio yanayotumiwa na madaktari wengi, mtu wa kawaida anaweza kutolewa vipandikizi kati ya 4,000 na 6,000 katika maisha yake yote bila kisogo kuonekana kimepungua, ingawa idadi hiyo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kwa upande mwingine, eneo la mbele hupandwa takriban vipandikizi 40 kwa kila sentimita moja ya mraba, kiasi ambacho ni karibu nusu ya msongamano wa asili lakini kinatosha kulidanganya jicho. Upara unapofikia hatua za mwisho katika kipimo cha hatua saba ambacho O'Tar Norwood alikiboresha mwaka 1975 kutoka kile cha James Hamilton cha mwaka 1951, eneo lililo wazi huweza kufika sentimita za mraba 200, na kulijaza lote kwa msongamano huo kungehitaji vipandikizi 8,000, yaani zaidi ya akiba ya watu walio wengi. Kwa hiyo mwenye upara mpana hana budi kuchagua sehemu ya kupewa kipaumbele, na kwa kawaida huwa ni ya mbele, kwa kuwa ndiyo inayouzunguka uso, huku utosi ukiachwa na nywele chache au ukiachwa kama ulivyo.

Mstari wa mbele

Mstari wa mbele wa mtu mzima huanzia, kwa kipimo kinachotumiwa sana, kati ya sentimita 7 na 10 juu ya nafasi iliyo baina ya nyusi, na kwa wanaume walio wengi hurudi nyuma kidogo kwenye mapanja, ambako pembe zake huwa wazi. Kijana anayeleta picha yake ya miaka ya sekondari na kutaka mstari ule urudishwe anaomba umbo ambalo hata wenzake wasio na upara wameanza kuliacha. Kushusha mstari kwa sentimita moja tu katika upana wa sentimita 15 ni kuongeza sentimita za mraba 15, na kwa msongamano uliotajwa hapo juu eneo hilo humeza vipandikizi 600 ambavyo havitapatikana tena siku upara utakaposonga mbele.

Hatari ya mstari wa chini haionekani mwaka wa kwanza. Nywele zilizopandikizwa hubaki, lakini zile za asili zilizo nyuma yake huendelea kudondoka, na baada ya miaka kadhaa mhusika huweza kuonekana na ukanda wa nywele mbele, uwazi katikati, na akiba isiyotosha kuuziba. Ndiyo sababu madaktari waangalifu husita kumpandikiza mtu aliye chini ya miaka 25, ambaye mwelekeo wa upara wake haujajulikana, na huanza kwa kumweleza kuhusu dawa zinazopunguza kasi ya upara. Dawa zinazojulikana zaidi ni minoksidili ya kupaka na finasteridi ya kumeza, ambayo iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1997 kwa upara wa wanaume. Finasteridi inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi ya watumiaji, hushusha kipimo cha damu kinachotumika kuchunguza saratani ya tezi dume, na haifai kabisa kwa mwanamke mjamzito, kwa hiyo haipaswi kununuliwa bila ushauri wa daktari.

Umbo nalo lina kanuni zake. Mstari wa asili haunyooki kama uliochorwa kwa wembe wa kinyozi, bali huenda ukipinda na kuvunjika kidogo, na safu zake za kwanza ni za vipandikizi vyenye unywele mmoja, huku vile vinene vikipangwa nyuma. Mtu aliyezoea kutengenezwa mstari mkali na kinyozi anapaswa kuelewa kwamba kinyozi huweza kuurekebisha mstari wake kila wiki, ilhali kile kilichopandwa na daktari ni cha kudumu na kitabaki usoni pake hata atakapofika miaka sitini.

Nywele za kipilipili na ngozi nyeusi

Nywele za kipilipili, ambazo ndizo za watu wengi wa Afrika Mashariki, zina faida na ugumu wake. Faida ni kwamba mkunjo wake hufunika ngozi vizuri, hivyo vipandikizi vichache huweza kutoa matokeo ambayo nywele zilizonyooka zingehitaji vingi zaidi. Ugumu ni kwamba mkunjo huo huendelea chini ya ngozi, ambako mzizi hupinda pasipo kuonekana, na kichoma duara kinachoshuka wima huweza kuukata na kuuua kabla haujatoka. Daktari aliyefanya kazi maelfu ya mara kwenye nywele zilizonyooka si lazima awe hodari kwenye nywele za aina hii, na kwa sababu hiyo swali kuhusu uzoefu linapaswa kuhusu vichwa vinavyofanana na cha mwulizaji. Ngozi nyeusi pia huelekea zaidi kupata keloidi, yaani kovu linalovimba na kuenea nje ya jeraha, kwa hiyo aliyewahi kuota kovu la namna hiyo baada ya kutoboa sikio au kunyolewa kisogo hana budi kulitaja mapema. Palipo na shaka, daktari anaweza kufanya jaribio dogo la vipandikizi vichache na kusubiri miezi kadhaa kabla ya kazi kamili.

Aidha, si kila upotevu wa nywele unaotibika kwa kupandikiza. Kwa wanawake wengi nywele za ukingoni hunyonyoka kwa kusukwa na kuvutwa kwa muda mrefu, na hazitadumu hata zikipandikizwa ikiwa msuko wa kubana utaendelea. Upo pia ugonjwa unaoanzia utosini na kuenea kwa kuacha makovu, ambao huweza kuviharibu hata vipandikizi vipya endapo haujatulizwa. Mashilingi, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo yana tiba zake nyingine. Hatua ya kwanza, basi, ni kumwona daktari wa magonjwa ya ngozi, na Afrika Mashariki ina madaktari hao, wakiwamo waliofundishwa katika kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Moshi.

Kumchunguza daktari

Istanbul imekuwa soko kubwa la upasuaji huu kwa sababu ya bei nafuu na wingi wa kliniki, na wapo huko madaktari mahiri kama walivyo watu wasio na sifa. Jumuiya ya Kimataifa ya Upasuaji wa Kurejesha Nywele, iliyoanzishwa mwaka 1993 na kujulikana kwa kifupi ISHRS, huendesha kampeni ya kuwaonya wagonjwa kuhusu kliniki za magendo, ambamo upasuaji hufanywa na watu wasio na leseni huku jina la daktari likibaki kwenye bango. Swali la msingi, iwe Istanbul, Nairobi au Dubai, ni nani hasa atakayeshika chombo. Mhusika aulize, na ajibiwe kwa maandishi, nani atachora mstari, nani atatoboa ngozi, nani atang'oa vipandikizi, na daktari huyo huhudumia wagonjwa wangapi kwa siku moja, kwa sababu daktari mwenye wagonjwa wengi kwa wakati mmoja hawezi kuwa kando ya kila kitanda.

Leseni ithibitishwe kwa mamlaka yenyewe, kwa mfano Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Tanzania Bara au Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, kwa Kenya, na kwa Uturuki mhusika aombe kibali cha Wizara ya Afya kinachoiruhusu kliniki kupokea wagonjwa wa kigeni. Picha za matokeo zitazamwe kwa uangalifu: ziwe za watu wenye nywele za aina moja na mtazamaji, zipigwe katika mwanga uleule kabla na baada, zionyeshe nywele zilizolowa au kuchanwa nyuma, na zionyeshe kisogo pia, kwani kliniki isiyokionyesha kisogo huenda imekimaliza. Wakala anayetaja idadi ya vipandikizi kwa kuangalia picha mbili za simu, anayeahidi vipandikizi visivyo na kikomo, au anayeshinikiza amana ilipwe kabla punguzo halijaisha, anapaswa kuachwa hata kama bei yake inavutia.

Hatimaye, subira ni sehemu ya matarajio. Nywele zilizopandwa hudondoka ndani ya wiki chache za mwanzo, huanza kuota tena kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo huhukumiwa baada ya mwaka mmoja, huku utosi ukiweza kuchelewa zaidi. Kwa sababu hiyo makubaliano yaeleze nani atamfuatilia mgonjwa akisharudi nyumbani na nani atagharimia marekebisho. Asiyepata majibu ya maswali haya asilipe amana wala asikate tiketi, kwa kuwa upara unaweza kusubiri mwaka mwingine bila hasara kubwa, lakini akiba ya kisogo ikishaharibiwa hakuna daktari awezaye kuirudisha.